Mtoro wa Nani? Kivumishi "fugitive" na Tafsiri Yake katika Historia ya Pwani ya Kilifi

Utangulizi

Nomino ya Kiingereza "flight" hubeba maana mbili ambazo Kiswahili hakikubali kuzipika katika chungu kimoja. Ya kwanza ni kuruka kwa mabawa. Ya pili ni kuikimbia hatari. Kiingereza chenyewe kina vitenzi viwili tofauti kwa maana hizo, "fly" na "flee", na ni nomino tu iliyovikutanisha. Vivumishi vilivyotoka katika Kilatini havikukutana hivyo: "volant" ni cha mwenye mabawa, na "fugitive" ni cha mwenye kukimbia. Cha kwanza hakimpi mfasiri taabu kubwa, kwani "-enye kuruka" humtosha. Cha pili ndicho chenye taabu, na taabu yake si ya msamiati peke yake.

Msomaji anayetafuta Kiswahili cha "fugitive" aghalabu huelekezwa kwenye maneno mawili, "mtoro" na "mkimbizi", yakiwa yamepangwa bega kwa bega kana kwamba moja laweza kushika nafasi ya jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si ndugu wa kubadilishana nguo. Moja hutazama kukimbia kwa jicho la aliyeachwa. Jingine hutazama kwa jicho la aliyekimbia. Tofauti hiyo huweza kupuuzwa katika maandishi ya kawaida, lakini haiwezi kupuuzwa katika maandishi yanayohusu utumwa, ambamo swali lenyewe lilikuwa ni la jicho gani lina haki.

Mahali pa kulijaribia jambo hili ni Junju, katika Kilifi Kusini, nyuma ya pwani ya Vipingo na si mbali na mji wa kale wa Takaungu. Mtoto wa huko hukua akisikia Kichonyi au Kigiryama nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani. Zaidi ya hayo, nchi iliyoizunguka Junju imewahi kupokea watu waliokimbia mara tatu kwa sababu tatu mbalimbali, na lugha haikuwaita wote kwa jina moja.

Sarufi ya vitenzi viwili

Vitenzi "kimbia" na "toroka" vyote vyaweza kuchukua yambwa, na yambwa ndiyo inayofichua tabia ya kila kimoja. Itazamwe mifano ifuatayo:

1. Mwanakijiji amekimbia vita.
2. Askari ametoroka vitani.
3. Wamekimbia njaa.
4. Amemtoroka bwana wake.
5. Ametoroka jela.

Katika mfano wa kwanza na wa tatu, kinachokimbiwa ni hatari. Katika wa pili, wa nne na wa tano, kinachotorokwa ni mtu au mahali penye madai juu ya anayeondoka. Mwanakijiji hakufungwa na vita kwa kiapo wala mshahara, kwa hiyo hawezi kuvitoroka. Askari alifungwa, kwa hiyo anaweza. Vivyo hivyo, sentensi "wametoroka njaa" hulikwaza sikio, kwa kuwa njaa haina haki ya kumdai mtu arudi. Mwanamke akisemwa kuwa amemkimbia mumewe, msikilizaji huuliza mume alifanya nini; akisemwa kuwa amemtoroka, msikilizaji huuliza mke amekwenda wapi, na ni nani aliyemtorosha. Tukio ni lile lile, lakini lawama imehama upande.

Mnyambuliko wa vitenzi hivyo huthibitisha jambo hilo. Kutokana na "kimbia" hupatikana "mkimbizi", kisha "kimbilia" na "kimbilio". Ukoo huu una njia na una mwisho wa njia: anayekimbia anakimbilia mahali, na mahali hapo pana jina, nalo ni jina la heshima. Kutokana na "toroka" hupatikana "mtoro", "utoro" na "torosha". Mtoro ni mkosaji, utoro ni kosa, na mwenye kumtorosha mwenziwe ni mshiriki wa kosa hilo. Yawezekana kusema kwamba mtu ametorokea mahali fulani, lakini lugha haikuunda kutoka hapo jina la mahali pa salama. Katika ukoo wa "toroka" hakuna kimbilio.

Lugha za Wamijikenda zina "chimbira", ambalo ni ndugu wa wazi wa "kimbia". Sauti "ch" inashika nafasi ya "k" mbele ya "i", na konsonanti ya mwisho ambayo Kiswahili kimeiacha katika "kimbia" imebaki. Kwa Kiswahili hujitokeza tena kwa umbo la "l" katika "kimbilia". Kwa hiyo msemaji wa Junju anapovuka kutoka lugha ya nyumbani kuingia Kiswahili, "kimbia" ni neno analolitambua kwa sura. "Toroka" analipokea mjini.

Makimbio matatu

Kimbio la kwanza ni lile ambalo Wamijikenda wenyewe hulianzia habari zao. Mapokeo mengi ya Wamijikenda husema kwamba wazee walitoka Singwaya, kaskazini, wakiwakimbia Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, wakaja kukaa katika makaya yaliyozungukwa na misitu. Wanahistoria wamebishana sana juu ya ukweli wa safari hiyo. Thomas Spear aliitetea katika kitabu chake juu ya makaya kilichotoka mwaka 1978, na wengine baada yake wakaitilia shaka. Ubishi huo hauhusu hapa. Linalohusu ni kwamba katika masimulizi hayo wazee ni watu waliokimbia, na kaya ni kimbilio. Misitu ya makaya hayo ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kuwaita waasisi wa Kaya Chonyi "watoro" kungekuwa tusi na kosa la sarufi kwa pamoja, kwa sababu Wagalla hawakuwa mabwana zao.

Kimbio la pili ni la Wamazrui. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Omani na Zanzibar aliitia Mombasa mkononi, na wakubwa wa ukoo wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa. Waliosalia waliuacha mji: tawi moja likaenda Gasi, upande wa kusini, na jingine likaenda Takaungu. Hao nao walikimbia, na tena walimkimbia mtawala aliyedai kuwa wao ni raia zake. Hata hivyo lugha haikuwaita watoro. Husemwa walihama, au walikimbilia Takaungu, na mji walioukuza huko huhesabiwa kuwa fahari yao.

Kimbio la tatu ni la watumwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya Takaungu na ya Malindi yalilimwa kwa kazi ya watumwa, yakitoa mtama, mahindi na ufuta wa kuuzwa ng'ambo. Wengi waliolima mashamba hayo waliondoka wakaingia bara, katika nchi ya Wamijikenda na ng'ambo yake. Wengine walikwenda Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wameanzisha misioni katika miaka ya 1840, na wengine walikwenda Fuladoyo, makazi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1870, ambako watu waliokimbia utumwa walilima na kusali pamoja na Wakristo wa Kigiryama. David Koi, mmoja wa viongozi wa Fuladoyo, aliuawa mwaka 1883. Hawa ndio pekee, kati ya makundi matatu, ambao Kiswahili kiliwaita watoro.

Sababu haiwezi kutafutwa katika tendo, kwa kuwa tendo ni moja. Wote watatu waliondoka mahali pa hatari wakaanzisha makazi mahali pengine. Sababu ni kwamba katika kimbio la tatu alikuwapo mwenye mali aliyehesabu hasara. Neno "mtoro" ni hesabu ya mwenye mali iliyogeuka kuwa jina la mtu.

Kivumishi kisicho na wakati

Hapa hapana budi kukirudia Kiingereza, maana "fugitive" nacho hakina usafi. Neno hilo lilikuwa istilahi ya sheria kabla ya kuwa istilahi ya historia. Huko Marekani sheria za mwaka 1793 na 1850 zilihusu kurudishwa kwa watumwa waliokimbia, na kivumishi hicho ndicho kilichowatambulisha. Mwaka 1875 Wizara ya Majeshi ya Majini ya Uingereza ilitoa waraka kwa manahodha wake ulioweka mipaka ya kuwapokea melini watumwa waliokimbia. Waraka huo uliamsha ghadhabu nchini Uingereza, ukaondolewa, na Tume ya Kifalme ikaundwa kulichunguza jambo hilo, ikatoa taarifa mwaka 1876. Katika maandishi hayo yote "fugitive" ni mtu ambaye mwingine ana haki ya kumdai. Hadi hapo "mtoro" hulingana nalo barabara, na mfasiri wa waraka wa namna hiyo hana sababu ya kulikwepa. Sauti ya waraka ni ya sheria, na tafsiri iwe na sauti hiyo hiyo.

Lakini kivumishi kina sifa nyingine, nayo ni kutokuwa na wakati. Kitenzi hutaka kujua tendo lilitendeka lini: "aliyekimbia" alikimbia siku moja, kisha akafika. Kivumishi hakiulizi. Kiswahili, ambacho vivumishi vyake halisi ni vichache, humlazimisha mfasiri kuchagua baina ya umbo la urejeshi lenye wakati ndani yake, kama "aliyetoroka", na nomino inayokaa kando ya nomino nyingine, kama "mtumwa mtoro". Akichagua nomino, amefunga mlango: mtu huyo ni mtoro jana, leo na kesho.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Rabai. Mwaka 1888 George Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alikuta katika misioni za pwani watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamewakimbia mabwana zao. Wengi walikuwa wamekaa huko miaka mingi. Walikuwa na nyumba, mashamba na watoto. Waliorodheshwa hata hivyo kwa kivumishi kile kile, kama watu waliokuwa bado njiani. Mackenzie aliamua kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Amani ilipatikana, lakini kwa sharti kwamba dai la mwenye mali lilitambuliwa na kulipwa. Aliyekuwa amejiweka huru kwa miguu yake alipewa uhuru mara ya pili, kwa karatasi, na aliyepokea fedha ni yule aliyekimbiwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Mtu anayetaka kuona jinsi lugha ilivyowagawa watu hawa na akisome kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na misioni karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotekwa tena baharini kutoka katika majahazi ya watumwa. Masimulizi yake ni ya watu hao: walikamatwa bara, wakauzwa, wakaokolewa na Waingereza. Wao ni watu waliokombolewa, na kitenzi chao ni cha kutendwa. Wa Fuladoyo hawakukombolewa na mtu. Kitenzi chao ni cha kutenda. Ni ajabu ya lugha kwamba kati ya makundi haya mawili, lililotendwa lilipewa neno la heshima, na lililotenda likapewa neno la lawama.

Neno lililosafiri likarudi

Yaweza kupingwa kwamba "mtoro" ndilo neno lililotumika wakati huo, na kwamba mwanahistoria hana ruhusa ya kuwavisha wazee maneno mapya. Pingamizi hili lina nguvu, na lazima lijibiwe kwa kutofautisha sauti mbili. Anaponukuliwa bwana wa Takaungu, kadhi au balozi, neno lake liachwe kama lilivyo. Lakini anaposema msimulizi mwenyewe, hana wajibu wa kukopa hesabu ya mwenye mali. Anayeandika habari za wizi hutumia neno la mwizi anapomnukuu mwizi; hatumii neno hilo kuieleza mali iliyoibwa.

Yaweza kupingwa tena kwamba neno la kudharau huweza kukombolewa na wanaoitwa kwalo. Mfano mashuhuri ni "maroon" la Jamaika, linalotokana na "cimarrón" la Kihispania, ambalo lilitumiwa kwa mifugo iliyopotea ikawa ya porini. Wazao wa watu hao leo hujiita hivyo kwa fahari. Na kwa kweli jambo la namna hiyo limeanza kulipata neno "watoro" katika vitabu vya Kiingereza. Frederick Cooper katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya utumwa wa mashambani, na Fred Morton katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya watumwa walioachwa huru na waliokimbia katika pwani ya Kenya, walilitia neno hilo katika elimu ya dunia. Msomaji wa Kiingereza hulipokea kama jina la jamii, halina harufu ya kosa, kwa sababu kwake halina ukoo.

Taabu huanza neno linaporudi nyumbani. Mwanafunzi wa Junju hulijua "mtoro" kabla ya kusoma historia. Mtoro ni yule aliyekosekana jana wakati wa kuitwa majina. Utoro ni jambo ambalo mwalimu mkuu huwaitia wazazi. Tangu mwaka 1907 hakuna tena bwana wa mtumwa, lakini neno halikukosa mwenye kulitumia: lilidumu jeshini na kazini, na sasa makao yake makubwa ni shuleni. Mwenye madai amebadilika, lawama haikubadilika. Basi mwalimu akisoma darasani kwamba Fuladoyo ilikuwa makazi ya watoro, watoto watacheka, na hawatakuwa na hatia. Watakuwa wamesikia Kiswahili sawasawa. Watu waliolima msitu na kulinda makazi yao kwa silaha watakuwa wameingia katika fahamu za kizazi kipya kama watoto waliokwepa darasa la hesabu. Kosa hilo ni la mfasiri.

Je, "mkimbizi" halina dosari? Linayo. Tangu Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, neno hilo limeelekea kumaanisha mtu aliyevuka mpaka wa nchi, na nchini Kenya humkumbusha msikilizaji kambi za Dadaab na Kakuma. Lakini matumizi yameshaonyesha kwamba laweza kutanuliwa. Baada ya machafuko ya mwaka 2007 na 2008 Wakenya walizoea kusema "wakimbizi wa ndani", na hakuna aliyetatizwa. "Wakimbizi wa utumwa" litaeleweka vivyo hivyo. Wengine watapendelea "waliojikomboa", na neno hilo ni zuri, ila likumbukwe kwamba komboa katika asili yake ni kulipa ili kutoa, na hawa hawakulipa. Lililo salama zaidi ni lile refu: "watu waliokimbia utumwa". Lina wakati ndani yake, kwa hiyo linawaruhusu watu hao kufika. Na yambwa yake ni hatari, wala si bwana.

Inabaki maana ya mbali ya kivumishi hiki, ile ya kitu kisichodumu. Kiingereza huweza kusema "fugitive" kwa rangi, kwa wazo, au kwa insha iliyoandikwa kwa tukio la siku moja. Hapo "mtoro" na "mkimbizi" yote mawili hushindwa. Rangi ya leso haitoroki, huchujuka. Wazo hupita, na insha huwa ya kupita. Mfasiri hapaswi kulitafuta neno moja la kubeba yote, maana Kiswahili hakioni kwamba rangi inayochujuka na mtu anayeokoa nafsi yake wana jambo la pamoja. Pengine katika hilo Kiswahili ndicho kilicho sahihi zaidi.

Hitimisho

Kanuni inayotokana na uchunguzi huu ni nyepesi. Mfasiri anapokutana na "fugitive", kwanza aulize ni nini kinachokimbiwa. Kikiwa ni sheria, kifungo au kiapo, na sauti ya matini ikawa ni ya sheria hiyo, "mtoro" au "aliyetoroka" ni sawa. Kikiwa ni hatari, "kimbia" na ukoo wake ndio wenye haki. Kikiwa ni utumwa, aulize tena nani anasema. Watungaji wa kamusi nao wangeweza kusaidia kwa kuyatenga maneno mawili haya, kila moja na mfano wake wa sentensi, badala ya kuyatenganisha kwa mkato tu.

Haya si mambo ya kitabuni peke yake. Katika nchi iliyo nyuma ya Takaungu wazao wa waliokimbia na wazao wa waliowapokea wameoana, wakazaliana, na majina yakachanganyika. Yuko mtoto wa Junju ambaye upande mmoja wa nasaba yake ulitoka Singwaya na upande wa pili ulitoka shambani Takaungu usiku. Akiulizwa kwa Kichonyi juu ya wote wawili, ana kitenzi kimoja cha kuwatosha, nacho ni "chimbira". Kiswahili nacho kina kitenzi kama hicho, kilichozaliwa naye tumbo moja.